Ni Usiku Huu au Ni Kliniki ya Jumatatu? Kutambua Dharura kwa Mgonjwa wa Sistiki Faibrosisi

   

 Nimeambiwa feni za ukumbi zimegoma, nanyi mmeanza kujipepea kwa karatasi za ratiba. Poleni. Lakini joto hili la Februari la Dar es Salaam litanisaidia katika hoja ya kwanza, kwa hiyo sitalilalamikia sana.

Shabaha yangu leo ni moja. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa wa sistiki faibrosisi, na tabibu aliye zamu ya usiku, hujikuta mbele ya swali lile lile: hili ni la kuondoka sasa hivi, au linaweza kungoja kliniki? Msimamo wangu ni kwamba swali hili halijibiwi vizuri saa nane usiku na mtu mwenye hofu. Linatakiwa liwe limejibiwa mchana, kwa maandishi, na kipimo chake kiwe mtoto yule yule anavyokuwa siku zake njema. Mengine nitakayosema yanajenga juu ya hapo.

Kwa wasioujua ugonjwa huu: sistiki faibrosisi hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu bila yeye mwenyewe kuugua. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui, John Riordan na Francis Collins, husimamia mlango wa kupitishia chumvi kwenye chembe za mwili. Mlango ukiharibika, ute unakuwa mzito na kunata. Mapafu yanaziba na kuota vijidudu, kongosho linashindwa kupeleka vimeng'enya tumboni, na jasho linatoka na chumvi nyingi mno.

Najua wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, unatuhusu nini. Ni kweli kwamba umeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini hitilafu iitwayo 3120+1G>A imeonekana mara nyingi kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini na kwa Wamarekani weusi, na nyingine, S549R, inajulikana vizuri Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Familia ngapi za Unguja, Pemba, Mombasa na Tanga zina ndugu Muscat? Na pale binamu wanapooana vizazi kwa vizazi, nakala mbili mbovu hukutana kwa urahisi zaidi. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu kwetu mtoto wa namna hii huandikiwa pumu, kisha utapiamlo, kisha dawa za kifua kikuu, tena na tena, na kila mara makohozi yakipimwa hayana kitu.

Hoja ya kwanza: joto linaweza kumwangusha mtoto huyu bila kuhara hata mara moja

Mwaka 1938 Dorothy Andersen, daktari wa patholojia jijini New York, aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu kwa kupasua na kuchunguza kongosho za watoto waliokufa. Miaka kumi baadaye, Agosti 1948, jiji hilo likapigwa na joto kali. Watoto wakaletwa hospitalini wamelegea, na Andersen na mwenzake Walter Kessler wakagundua kwamba wenye sistiki faibrosisi walikuwa wengi isivyo kawaida miongoni mwao. Paul di Sant'Agnese akalifuatilia jambo hilo hadi kwenye jasho, na mwaka 1953 akaonyesha kwamba chumvi ndiyo iliyokuwa ikipotea. Kipimo cha ugonjwa huu hadi leo ni jasho: kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita au kupita, umeshaupata, ikiwa chini ya 30, elekea kwingine.

Kwa hiyo ugonjwa tunaouita wa nchi za baridi ulifichuliwa na joto la siku chache tu. Sisi huku tuna joto la kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Mtu mzima wa afya akitoka jasho hupoteza maji mengi kuliko chumvi. Damu yake inakolea, ubongo unashtuka, kiu inaamka. Mtoto wetu anapoteza maji na chumvi kwa pamoja. Damu haikolei, na kiu haiji, au inakuja hafifu. Anaweza kucheza mpira jua zima, umwulize kama ana kiu, akujibu kwa ukweli kabisa kwamba hana.

Nilipata kumtibu mvulana wa shule ya msingi aliyeletwa jioni ya siku ya michezo. Fulana yake ya bluu ilikuwa na michirizi myeupe mgongoni na kwapani, na kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, kulikuwa na chembe ukizigusa zinakwaruza. Chumvi tupu. Mwalimu wake alikuwa amempa maji, tena mengi, kwa nia njema. Maji matupu yakaenda kuipunguza zaidi ile chumvi kidogo iliyobaki kwenye damu. Alipofika kwetu alikuwa ametapika mara kadhaa, anaitikia akiitwa lakini analala tena sentensi haijaisha. Hakuwa ameharisha, na kwa sababu hiyo aliyempokea mapokezi hakufikiria kabisa habari ya kuishiwa maji. Damu yake ilikuwa na sodiamu na potasiamu ya chini sana. Alipona kwa dripu yenye chumvi na potasiamu, taratibu, chini ya uangalizi.

Siku ya joto, basi, mtoto aliyechoka kidogo, ana misuli inayobana, hataki kula lakini anakunywa na kukojoa, mpeni ORS na chakula chenye chumvi, mwekeni kivulini, mtazameni. Akianza kutapika asiweze kushika kinywaji, akilegea, akiongea ovyo, au nepi ikikaa kavu tangu asubuhi mpaka mchana, hapo ni kuondoka. Akidegedega, ni kukimbia. Mtoto mchanga anayenyonya tu ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu maziwa ya mama yana chumvi kidogo na yeye hawezi kusema lolote. Kwa waliofika utu uzima na wanataka kufunga Ramadhani: zungumzeni na daktari na sheikh wenu kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa ipo, na ni heri kuijua mapema kuliko kuitafuta alasiri ya siku ya kumi.

Hoja ya pili: kifua hupimwa kwa kile alichokizoea

Kukohoa si dharura kwa mtu huyu. Anakohoa kila siku, na anatakiwa akohoe. Ndivyo anavyosafisha mapafu. Hapa ndipo kanuni zetu za kawaida zinapotuyumbisha. Mhudumu wa afya amefundishwa kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Ni kanuni nzuri, imeokoa maelfu. Lakini mtoto wa sistiki faibrosisi anaweza kuwa anapumua mara 44 kila usiku akiwa katika hali yake njema kabisa, na mwenzake anayepumua mara 28 siku zote akifika 38 ameshaharibikiwa, ingawa hajavuka mstari.

Ndiyo maana nawasihi wazazi: mtoto akiwa mzima, amelala, kaeni kitandani na saa mkononi mhesabu pumzi kwa dakika nzima. Fanyeni hivyo usiku kadhaa. Andikeni. Andikeni pia rangi ya makohozi anayotoa asubuhi, uzito wake, na anavyopanda ngazi. Mkiwa na oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, andikeni namba yake ya kawaida.

Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, hamu ya kula ikipungua, uzito ukishuka, homa ndogo ikija na kuondoka, hilo ni la kliniki ndani ya siku moja au mbili. Anahitaji antibiotiki za kufaa, pengine za mshipa, na kuchelewa wiki mbili kunaweza kula sehemu ya pafu ambayo hairudi. Lakini si la usiku.

La usiku ni hili: anashindwa kumaliza sentensi bila kukatisha apumue, mbavu zinaingia ndani na pua zinatanuka, hawezi kulala chali, anakaa ameinama mbele na mikono magotini, ulimi au ufizi umekuwa wa kijivu au wa bluu. Nimesema ulimi na ufizi kwa makusudi, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama midomo ya watu weupe. Na la kutisha kuliko yote, ambalo familia hulipokea kwa ahueni: mtoto aliyekuwa akihangaika usiku kucha ghafla anatulia, anasinzia, hajibu vizuri. Jamaa wanasema afadhali amepata usingizi. Hewa chafu imejaa kwenye damu yake na misuli imechoka kupumua. Msimpe dawa ya usingizi wala ya kukata kikohozi; mchukueni.

Kuhusu oksimita, namba ikiwa chini ya 90 ni hospitali bila mjadala, na ikishuka sana chini ya ile aliyoizoea, pigeni simu hata kama haijafika huko. Lakini utafiti umeonyesha kwamba vifaa hivi wakati mwingine humpa mtu mwenye ngozi nyeusi namba ya juu kuliko ukweli. Kifaa kikisema 93 na mtoto anatweta mbele yako, mwamini mtoto.

Kuna jambo la ghafla ambalo huwapata zaidi vijana na watu wazima: maumivu makali upande mmoja wa kifua, kama vile amechomwa, na pumzi inakata papo hapo. Pafu limetoboka na hewa imeingia mahali isipotakiwa. Hii ni dharura hata kama baada ya nusu saa anasema amepata nafuu. Ndugu zangu wa Mafia na Pemba, mgonjwa wa namna hii asipandishwe ndege kuja huku kabla daktari hajamtazama kifua. Hewa iliyofungiwa hutanuka angani.

Hoja ya tatu: damu ipimwe, isikisiwe

Mtu akiona damu kwenye kitambaa huona nyingi. Akiogopa kumshtua mama yake, huiona kidogo. Kwa hiyo tupime. Michirizi katika makohozi, isiyojaa kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5: mwambie daktari wako, hasa ikiwa ni mara ya kwanza. Ikizidi kijiko hicho, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje, pengine utalazwa. Wataalamu wa ugonjwa huu wameweka mpaka wa hatari kwenye mililita 240 kwa saa 24, ambayo ni sawa na kikombe cha chai kilichojaa. Lakini msikae na kikombe mkingoja kijae! Damu ikitoka mfululizo, ikaja kwa mafungu, au ikaambatana na kukosa pumzi, ondokeni.

Sababu ya haraka hii ni kwamba damu hiyo kwa kawaida inatoka kwenye mishipa inayolisha kuta za njia za hewa, na mishipa hiyo hupokea damu moja kwa moja kutoka mshipa mkuu wa moyo. Ni bomba lililofungwa kwenye tenki bila koki. Na mgonjwa mara nyingi hafi kwa kuishiwa damu. Anakufa kwa kuzama ndani ya mapafu yake. Mkiwa njiani, kama anahisi damu inatoka upande gani, alale kwa upande huo ili pafu zima libaki juu. Kama hajui, akae wima. Asimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Na ile damu aliyotema ichukueni kwenye chombo. Mniamini, daktari anayeiona haulizi maswali mengi.

Neno moja la pembeni kwa matabibu vijana walioketi safu za mbele: anayekohoa damu hapa kwetu atafikiriwa kifua kikuu kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Pimeni. Lakini msimwache kwenye benchi la kungoja majibu ya makohozi akiwa na kikombe mkononi.

Akitapika damu nyeusi mfano wa chicha za kahawa, asili yake ni nyingine, maana kwa baadhi ya wagonjwa hawa ini hukakamaa na mishipa ya koo la chakula huvimba. Hiyo nayo haina kliniki.

Hoja ya nne: tumbo la chini kulia

Hapa nitakuwa mfupi. Ute mzito na mafuta yasiyosagwa huweza kuziba utumbo mwembamba pale unapoungana na mpana. Maumivu yanakuja chini kulia, unagusa unakuta donge, na daktari asiyejua historia anafikiria kidole tumbo na kunoa kisu. Mara nyingi tatizo hili hutibika bila upasuaji, kwa maji na dawa ya kuusafisha utumbo, likiwahiwa. Mtoto mwenye maumivu lakini bado anapata choo na kutoa upepo, pigeni simu. Akitapika kijani, tumbo likivimba, choo na upepo vikikata, mpelekeni, na msimpe dawa ya kuharisha nyumbani. Utumbo uliozibwa hausukumwi kwa nguvu.

Wakunga, kwenu neno moja: mtoto mchanga asiyetoa kile kinyesi cheusi cha kwanza ndani ya saa 24, tumbo limejaa na anatapika kijani, apewe rufaa siku hiyo. Wakati mwingine ndiyo salamu ya kwanza ya ugonjwa huu.

Hoja ya tano: uamuzi una mwenyewe, na lazima ajulikane

Mengi niliyoyaona yakiharibika hayakuharibika kwa kukosa maarifa. Mama alikwishajua. Lakini baba yuko safarini na simu yake haipatikani, mama mkwe anasema tumchue mafuta tuone asubuhi, jirani mwenye gari anaogopewa kuamshwa, na hela iko benki. Mpaka watu wakubaliane, adhana ya alfajiri inasikika.

Kwa hiyo kaeni kikao, mchana, watu wote wa nyumba wakiwepo, bibi akiwepo hasa. Kubalianeni kwamba aliye na mtoto usiku huo, hata akiwa ni dada wa kazi, ndiye mwenye ruhusa ya kuondoka, na hatagombezwa ikionekana haikuwa dharura. Tajeni dereva wa bajaji au wa teksi anayepokea simu usiku. Wekeni akiba ya nauli na ya kadi ya hospitali mahali pasipoguswa. Na chagueni hospitali: zahanati ya mtaa iliyofungwa saa kumi jioni haitawafaa. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na huduma za namna hiyo zimekuwa zikiongezeka nchini, lakini mjue iliyo karibu nanyi ni ipi na mlango wake wa usiku uko wapi.

Kisha andikeni karatasi moja, upande mmoja tu. Jina la ugonjwa kwa Kiswahili na kwa jina la kitaalamu alilowaandikia daktari wenu, pumzi na oksijeni yake ya kawaida, dawa zote, vijidudu vilivyopata kuoteshwa kutoka kwenye makohozi yake, namba ya daktari. Na sentensi hii: mgonjwa huyu hupoteza chumvi kwa jasho, tafadhali pimeni sodiamu na potasiamu. Mstari wa mwisho useme asikalishwe karibu na wanaokohoa wengine, wala karibu na mgonjwa mwingine wa sistiki faibrosisi, kwa sababu huambukizana vijidudu sugu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia kwa kuangalia mbele.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa tatu katika kidonge kimoja, eleksakaftori, tezakaftori na ivakaftori, ambao umebadilisha maisha ya wagonjwa wengi wa huko. Watoto wanaozaliwa sasa na ugonjwa huu katika nchi tajiri wanatarajiwa kuvuka miaka 60. Bei iliyotangazwa ilizidi dola 300,000 kwa mwaka. Na hata ingekuwa bure, mwenye nakala mbili za ile 3120+1G>A hasaidiki nayo, kwa kuwa dawa hurekebisha protini iliyopo, na kwake protini yenyewe haitengenezwi. Tafiti za kupeleka maelekezo mapya ya jeni moja kwa moja kwenye mapafu zinaendelea, na wagonjwa wa Afrika ndio wanaozihitaji zaidi. Hawataingizwa kwenye majaribio hayo kama hawamo kwenye daftari lolote.

Daftari linaanzia kwenye jasho. Njia ya Gibson na Cooke ya kutoa jasho mkononi kwa umeme mdogo na pilokapini ni ya mwaka 1959. Haihitaji maabara ya ajabu. Inahitaji kifaa, fundi aliyefundishwa vizuri, na mtu wa kuagiza kipimo. Ningependa kuona hospitali za rufaa za kanda zikiwa nacho, na kliniki za kifua kikuu na za utapiamlo zikimtuma huko kila mtoto ambaye matibabu yamerudiwa bila majibu. Wenzetu wa wizara waliopo, nitawatafuta kabla hamjaingia kwenye magari.

Mezani mlangoni kuna nakala za ile karatasi ya upande mmoja, hazijajazwa. Wazazi chukueni mbili, moja ya nyumbani na moja ya shuleni kwa mwalimu wa michezo. Wauguzi wa zamu ya usiku, naomba mpite kwanza, basi lenu linaondoka saa moja na nusu.